Vepu na Vijana wa Marekani: Takwimu za Rangi na Asili Zinatuambia Nini?

Sigara za kielektroniki zinapozungumzwa katika familia zetu zilizohamia Marekani, kauli moja hujirudia: hayo ni mambo ya watoto wa Kizungu. Kauli hiyo imedumu kwa sababu iliwahi kuwa na ukweli ndani yake. Kwa miaka kadhaa takwimu zenyewe zilionyesha kwamba wanafunzi Weupe ndio waliokuwa wakivuta kwa wingi. Ila takwimu za kundi zima hazimwambii mama kilichomo kwenye begi la mwanawe, na tangu wakati huo hali imebadilika. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayoulizwa mara nyingi kuhusu rangi, asili na vepu miongoni mwa vijana wa Marekani. Mengine majibu yake ni mafupi, mengine yanahitaji turudi nyuma miaka mingi.

Takwimu hizi zinatoka wapi?

Chanzo kikuu ni utafiti wa kitaifa kuhusu vijana na tumbaku, ambao umekuwa ukifanywa kila mwaka na CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, pamoja na FDA, mamlaka ya chakula na dawa. Wanaoulizwa ni wanafunzi wa darasa la 6 hadi la 12, watoto wa miaka 11 hadi 18 hivi. Mwanafunzi hujaza majibu yake mwenyewe kwenye kompyuta au tableti, bila kuandika jina.

Swali la msingi ni rahisi: katika siku 30 zilizopita umevuta siku ngapi? Aliyevuta hata siku moja anahesabiwa kuwa mtumiaji wa sasa. Kwa hiyo asilimia moja humchanganya mtoto aliyeonja mara moja kwenye sherehe na yule anayeamka usiku wa manane kuitafuta vepu chini ya mto. Kuhusu asili, mwanafunzi huulizwa kwanza kama ni Mlatino, kisha huulizwa anajiona kuwa wa rangi ipi, na anaruhusiwa kuchagua zaidi ya moja. Hakuna kipimo cha damu wala cheti kinachoombwa. Mtoto hujitaja mwenyewe.

Kwa ujumla, mwendo umekuwa wa kupanda kwa kasi na kushuka. Mwaka 2011 wanafunzi wa sekondari, yaani darasa la 9 hadi la 12, waliokuwa wakivuta vepu walikuwa asilimia 1.5 tu. Mwaka 2019 walifika asilimia 27.5. Mwaka 2024 walikuwa wameshuka hadi asilimia 7.8. Ukijumlisha na wadogo zao wa darasa la 6 hadi la 8, mwaka huo walibaki watoto wapatao milioni 1.63. Ni nafuu kubwa, lakini zaidi ya robo yao walikuwa wakivuta kila siku, na mtoto anayevuta kila siku ameshanaswa.

Basi ni vijana wa kundi gani wanaovuta zaidi?

Jibu linategemea unauliza kuhusu mwaka gani. Mwaka 2019, wakati wimbi lilipokuwa kileleni, karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu Weupe wa sekondari alikuwa amevuta vepu katika siku 30 zilizotangulia. Walatino walikuwa chini kidogo ya robo. Weusi walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Hapo ndipo ile kauli ya watoto wa Kizungu ilipopata nguvu.

Baada ya hapo matumizi yalishuka kwa wote, na kwa kuwa Weupe walikuwa juu zaidi, wao ndio waliokuwa na pa kushukia. Pengo likapungua. Kinachoonekana katika miaka ya karibuni ni kwamba Wenyeji wa Asili wa Marekani na Alaska wako miongoni mwa wenye viwango vya juu kabisa, na Waasia wako chini. Kwa Weusi picha ina pande mbili: kwenye vepu kwa miaka mingi walikuwa chini ya Weupe, lakini ukiuliza kuhusu tumbaku inayochomwa kwa moto, mambo yanageuka. Mwaka 2022 wanafunzi Weusi ndio waliokuwa na kiwango cha juu zaidi cha matumizi ya tumbaku ya kuchomwa, asilimia 5.7.

Jambo hilo la mwisho halina budi kukaa akilini mwa kila anayesoma takwimu hizi. Kuwa chini kwenye vepu si sawa na kuwa salama.

Kwa nini vijana Weusi walikuwa wachache kwenye vepu, lakini wengi kwenye tumbaku ya moto?

Hapa inabidi kuzungumzia biashara, maana ndiko sababu zilikoanzia.

Vepu iliyoleta wimbi la 2018 na 2019 ilikuwa JUUL, iliyoingia sokoni mwaka 2015. Ilikuwa nyembamba, umbo lake kama flashi ya kompyuta, na ilichajiwa kwa kuchomekwa kwenye kompyuta. Ndani yake mlikuwa na nikotini ya chumvi, ambayo haikwaruzi koo kama nikotini ya kawaida, kwa hiyo mtoto asiyewahi kuvuta angeweza kuingiza dozi kubwa bila kukohoa. Kampuni yenyewe ilisema kichupa kimoja chenye nguvu ya asilimia 5 kina nikotini inayokaribiana na ile ya pakiti nzima ya sigara 20. Kifaa na vichupa vyake havikuwa vya bei rahisi, na picha za matangazo ya mwanzo zilijaa vijana warembo wa mjini wenye maisha ya starehe. Vilisambaa kwanza mahali penye fedha ya matumizi.

Katika mitaa mingi ya Weusi bidhaa iliyokuwa karibu na mkono wa kijana ilikuwa nyingine. Ilikuwa siga ndogo, tumbaku iliyofungwa kwa jani la tumbaku, yenye ladha ya zabibu, cheri au vanila, ikiuzwa mojamoja au mbilimbili kwa bei isiyofika dola moja. Mtoto mwenye sarafu za chenji ya mkate aliweza kuinunua. Sheria kubwa ya tumbaku ya mwaka 2009 ilipiga marufuku ladha kwenye sigara za kawaida, lakini haikugusa ladha kwenye siga. Na hata kwenye sigara za kawaida iliacha ladha moja: mentholi, ule ubaridi wa mnanaa unaofanya moshi uteleze kooni.

Kuachwa kwa mentholi kuna historia ya kuumiza. Katika miaka ya 1950 wavutaji Weusi waliopenda sigara za mentholi hawakufika mmoja kati ya kumi. Leo ni zaidi ya wanane kati ya kumi. Hakuna ulimi uliozaliwa ukipenda mnanaa. Kampuni zilijaza majarida ya Weusi matangazo, zikadhamini tamasha za muziki, zikabandika mabango kwenye mitaa yao na kupeleka magari ya kugawa sigara za bure.

Kesi ya Marie Evans inaonyesha jinsi ilivyokuwa. Alikulia Orchard Park, makazi ya umma mtaa wa Roxbury mjini Boston. Alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi alipoanza kupewa sigara za bure za Newport karibu na kiwanja cha kuchezea. Mwanzoni alizibadilisha kwa peremende kwa dada zake wakubwa. Akiwa na miaka 13 akaanza kuvuta mwenyewe. Alifariki mwaka 2002 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 54. Mwanawe aliishtaki kampuni ya Lorillard, iliyotengeneza Newport, na mwaka 2010 baraza la wazee wa mahakama likaona kwamba kampuni hiyo inawajibika kwa kugawa sigara kwa watoto. Mahakama ya juu kabisa ya Massachusetts mwaka 2013 ilithibitisha fidia ya dola milioni 35.

Ukishaijua historia hiyo, takwimu za rangi huzisomi tena kama tabia za watu. Unaona njia alizopita muuzaji. Kila kundi limepelekewa bidhaa yake: moja kifaa cha bei kubwa chenye ladha ya embe, jingine siga ya senti 99. Mwaka 2022 FDA ilipendekeza kupiga marufuku sigara za mentholi. Pendekezo hilo liliondolewa Januari 2025 bila kuwa sheria.

Je, kuna kitu katika damu kinachofanya rangi moja ivute zaidi?

Hapana. Kinachoamua kama kijana atajaribu ni kama anaiona bidhaa, kama ina bei anayoimudu, kama rafiki zake wanavuta, na kama ana jambo linalomkosesha raha. Hakuna jeni la Weupe linalomwita mtoto kwenye vepu.

Kuna utafiti wa kweli uliopimwa kwa makini unaoonyesha kwamba, kwa wastani, miili ya Wamarekani Weusi wanaovuta hubaki na mabaki mengi zaidi ya nikotini kwenye damu kwa kila sigara. Hilo linahusu namna mwili unavyoitoa nikotini ikishaingia, wala halihusu uamuzi wa kuivuta. Na hata hapo, neno Mweusi kwenye fomu za Marekani linabeba watu wa mbali sana kimwili na kihistoria: kijana wa Kisomali wa Minneapolis, binti wa Kikongo aliyefika Kentucky miaka mitatu iliyopita, na kijana wa Virginia ambaye ukoo wake umekuwa Marekani kwa karne nne. Watu wenye asili ya Afrika wanatofautiana kijeni kuliko watu wa bara lolote jingine. Kulifanya kundi hilo kuwa damu moja hakuna msingi wa kisayansi.

Wenyeji wa Asili wako juu kwa sababu gani?

Swali hili linahitaji heshima, kwa kuwa tumbaku ni mmea wao. Kwa mataifa mengi ya Wenyeji wa Asili tumbaku ya jadi ni kitu kitakatifu: hutolewa kama sadaka, hupewa mzee anapoombwa ushauri, huwashwa katika maombi, na mara nyingi moshi wake hauvutwi mpaka mapafuni. Serikali ya Marekani ilizibana ibada zao kwa miaka mingi, hadi sheria ya mwaka 1978 ilipolinda uhuru wao wa kuabudu. Kampuni nazo zilichukua picha za Wenyeji, manyoya yao na majina yao, zikayaweka kwenye pakiti za sigara.

Ongeza umaskini, kliniki zilizo mbali na tumbaku ya dukani ambayo katika ardhi za makabila huuzwa kwa kodi ndogo, na hutashangaa kwamba mwaka 2022 asilimia 13.5 ya wanafunzi wa kundi hili walikuwa wakitumia bidhaa fulani ya tumbaku, wakati wastani wa wanafunzi wote ulikuwa asilimia 11.3. Waelimishaji wao wenyewe wametafuta njia iliyo yao. Badala ya kumwambia kijana tumbaku ni uovu, humfundisha tofauti kati ya tumbaku ya ibada na tumbaku ya biashara, na kumweleza kwamba vepu ya dukani haina uhusiano wowote na mababu zake. Nadhani wahamasishaji wa afya mahali pengine wangefaidika kujifunza kwao.

Waasia wako chini. Je, wazazi wa Kiasia wapumue?

Wastani wao unaficha mengi. Neno Mwasia limewakusanya wenye asili ya China, India, Ufilipino, Vietnam na Korea, watu wenye maisha tofauti kabisa. Zamani hata wenyeji wa visiwa vya Pasifiki waliwekwa humohumo. Hawaii, ambako makundi haya ni makubwa kiasi cha kuhesabiwa peke yake, watafiti waligundua kwamba vijana wenye asili ya Hawaii wanavuta vepu kwa viwango vya juu kuliko wenzao wengi. Hawaii ndilo jimbo la kwanza kupandisha umri wa kununua tumbaku na vepu hadi miaka 21, sheria iliyoanza Januari 1, 2016. Marekani nzima ilifuata Desemba 2019.

Mbona makundi mengine hayaonekani kabisa kwenye jedwali?

Ukifungua jedwali la CDC utaona mahali fulani, badala ya asilimia, pamewekwa alama tu. Maana yake ni kwamba wanafunzi wa kundi hilo waliojibu hawakufika 50, au makadirio yao yanayumba mno kuaminika. CDC hufanya hivyo kwa uaminifu wa kitakwimu, na ni sahihi. Lakini matokeo yake ni kwamba watoto wa jamii ndogo hukosa namba, na jamii isiyo na namba hukosa fedha za programu. Makundi yenye alama hiyo mara nyingi ndiyo yenye hali ngumu zaidi.

Mtoto wetu, mzaliwa wa Afrika Mashariki au Kongo, anahesabiwa wapi?

Anahesabiwa Mweusi, basi. Hakuna kisanduku cha Mswahili, Mkongo au Mnyarwanda. Kwa miaka kadhaa hadi 2024, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa nchi iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nyingine zote kati ya waliopokewa Marekani, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili. Hata hivyo hakuna takwimu ya kitaifa inayosema watoto wao wanavuta kiasi gani.

Tunachoweza kukisoma ni mwenendo wa wahamiaji wengine. Kwa Walatino na Waasia tafiti nyingi za tumbaku zimeonyesha kwamba kijana aliyezaliwa Marekani huelekea kutumia zaidi kuliko aliyefika akiwa mkubwa. Malezi ya nyumbani, dini na kuzoea kwamba mtoto havuti mbele ya wakubwa humlinda yule aliyefika jana. Kinga hiyo hupungua kadiri mtoto anavyozama katika maisha ya shule. Mzazi anayejivunia kwamba mkubwa wake hakuwahi kugusa sigara asidhani mdogo wake, aliyeanzia chekechea Texas au Ohio, amelelewa na mazingira yaleyale.

Kuna jambo la ziada. Mzazi aliyetoka Uganda ametoka katika nchi ambayo sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015 ilikataza kabisa kuingiza na kuuza sigara za kielektroniki. Aliyetoka kijijini Kivu au Kasulu huenda hakuwahi kuiona. Akikuta kwenye mfuko wa suruali kitu chenye rangi ya machungwa, laini, kinachonukia tikiti maji, anaweza kudhani ni chombo cha shule au marashi. Vepu za kutumia na kutupa za siku hizi hazifanani na sigara hata kidogo. Nyingine zina kioo kidogo chenye taa kinachoonyesha chaji iliyobaki.

Ladha zilipigwa marufuku. Kwa nini bado zipo?

Januari 2020 FDA ilitangaza kwamba itaziondoa sokoni ladha kwenye vepu za vichupa, isipokuwa tumbaku na mentholi. Vepu za kutumia na kutupa hazikuguswa na tangazo hilo. Vijana wakahamia huko mara moja: kati ya wavutaji wa sekondari, waliotumia vepu za kutupa walikuwa asilimia 2.4 mwaka 2019. Mwaka 2020 wakawa asilimia 26.5. Baadaye FDA ilibana zaidi, lakini bidhaa nyingi zinaingia kutoka nje bila kibali na zinauzwa waziwazi. Mwaka 2024 chapa iliyotajwa sana na wanafunzi ilikuwa Elf Bar, na karibu tisa kati ya kila vijana kumi waliovuta walitumia zenye ladha.

Je, rangi ndiyo tofauti kubwa kuliko zote?

Sivyo, na hili ndilo ningependa kila mzazi na kila mwalimu alichukue hapa. Rudi kwenye utafiti uleule wa mwaka 2022 unaohesabu tumbaku za aina zote. Wenyeji wa Asili, walio juu kati ya makundi ya rangi na asili, walikuwa asilimia 13.5. Wanafunzi kutoka familia zenye kipato kidogo, wa rangi zote, walikuwa asilimia 12.5. Wanafunzi wenye msongo mkali wa mawazo walikuwa asilimia 18.3. Na wanafunzi waliokuwa wakifeli masomo mengi walikuwa asilimia 27.2.

Tazama namba hizo kwa utulivu. Anayefeli shuleni yuko hatarini mara mbili ya yule wa kundi la rangi lenye kiwango cha juu kabisa. Haimaanishi kwamba kufeli kunaleta vepu, wala kwamba vepu inaleta kufeli. Mara nyingi vyote viwili vinatokana na maumivu yaleyale. Lakini ukitaka kujua ni mtoto yupi wa kuangaliwa kwanza, usianze na rangi yake. Anza na usingizi wake, alama zake, na kama bado ana rafiki wa kukaa naye wakati wa chakula cha mchana. Kijana aliyefika Marekani akiwa na miaka 14, asiyejua Kiingereza cha kutosha, aliyewekwa darasa moja na wadogo zake, ana sababu nyingi za kuwa na huzuni ambazo jedwali la rangi halitazionyesha.

Hapo ndipo rangi inaporudi kwa mlango mwingine. Umaskini, msongo na kufeli havikugawanywa sawasawa Marekani. Tofauti za rangi kwenye takwimu za tumbaku, kwa sehemu kubwa, zimetokana na mgawanyo huo, na wauzaji waliujua vizuri.

Shule zinawaadhibu vipi wanaokamatwa?

Shule nyingi zimeweka vinasa mvuke vyooni. Mtoto akikamatwa, wengine humpeleka kwa mshauri, wengine humsimamisha masomo. Kusimamishwa kwenyewe ni suala la rangi: takwimu za Wizara ya Elimu ya Marekani zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanafunzi Weusi husimamishwa kwa kiwango kinachozidi mara mbili ya sehemu yao kati ya wanafunzi wote. Kwa hiyo kundi linalovuta vepu kidogo linaweza kujikuta linaadhibiwa zaidi. Mtoto anayefukuzwa siku tano anarudi amebaki nyuma kimasomo, na tumeona kufeli kunakaa na nini. Mzazi ana haki ya kuuliza shule, kabla adhabu haijatolewa, kama kuna programu ya kumsaidia mtoto kuacha badala ya kumfukuza. Wilaya nyingi zinazo.

Nikotini inamfanya nini kijana?

Ubongo huendelea kukua hadi miaka 25 hivi, na nikotini huingilia sehemu zinazohusika na umakini, kujifunza na kujizuia. Ubongo unaokua huzoea nikotini haraka kuliko wa mtu mzima. Ndiyo maana kijana aliyeanza kwa kuonja anaweza, baada ya muda mfupi, kukasirika bila sababu na kushindwa kukaa kipindi kizima bila kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mvuke hauna lami ya sigara, na kwa mtu mzima anayevuta sigara kuhamia vepu kabisa hupunguza sumu anazovuta. Hoja hiyo haimhusu mtoto asiyewahi kuvuta chochote.

Nimekuta vepu. Nifanye nini?

Fimbo na kelele zitamfunza kuficha vizuri zaidi. Msubiri atulie, mkae wawili, si mbele ya wadogo zake wala wageni. Kifaa kiweke mezani na uanze na swali la kweli:

“Mwanangu, niliikuta hii wakati nafua suruali yako. Nieleze ni nini, na ulianza lini.”

Akijibu “Si yangu, mama, ni ya rafiki,” usikimbilie kumwita mwongo. Mwambie, “Haya. Na wewe umeivuta?” Kisha nyamaza. Wengi husema wakipewa nafasi. Ukishajua, uliza anavuta mara ngapi na kama huamka usiku kwa ajili yake, maana majibu hayo ndiyo daktari atakayoyahitaji. Kama anavuta kwa sababu ya huzuni au hofu, msaada wa kwanza anaouhitaji huenda ukawa wa huzuni yenyewe.

Kuna dawa ya kuacha, na inapatikana wapi?

Bado FDA haijaidhinisha dawa ya kuacha nikotini kwa walio chini ya miaka 18. Lakini daktari wa watoto anaweza, akiona uraibu ni mkubwa, kumwandikia plasta au bazoka za nikotini, na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri jambo hilo lifikiriwe. Kinachofanya kazi kwa wengi ni ushauri wa mara kwa mara. Namba ya simu ya bure 1-800-QUIT-NOW humuunganisha mpigaji na huduma ya jimbo lake. Kijana anayeona aibu kuongea anaweza kutuma neno DITCHVAPE kwenda 88709, akaanza kupokea ujumbe wa kumtia moyo na mbinu za kupita kiu ya nikotini.

Kwenye simu omba mkalimani wa Kiswahili mapema, kabla hujaanza kueleza. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kisheria kumpatia mgonjwa na mzazi wake mkalimani bila malipo, na sheria ya afya ya mwaka 2010 na kanuni zake haziruhusu mtoto atumiwe kama mkalimani isipokuwa kwa dharura. Mkalimani asipopatikana siku hiyo, ombeni miadi nyingine atakapokuwepo, na msikubali kijana atafsiri maelezo ya uraibu wake mwenyewe.